Siku Mtani Alipokuja Kulizika Lori Letu

Risasi ya kulehemu ikiyeyuka juu ya bati hutoa harufu kali inayochoma puani na kukaa kooni, na mpaka leo nikiinusa mahali popote najikuta niko barazani kwetu Gongoni, mjini Tabora, kiangazi kile cha lori. Baba yangu alikuwa fundi bati. Alitengeneza koroboi, ndoo na mabirika kutokana na madebe ya mafuta, na mbele yake jiko la mkaa halikuzimika tangu asubuhi, chuma cha kulehemu kimelala humo kikiwa chekundu. Mama alikaa upande wa pili wa baraza na cherehani yake, bibi mzaa baba alikaa katikati na redio yake, na mimi na dada yangu Salma tulikuwa popote palipokuwa na fujo. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Dukani ukikuta sabuni hukuti sukari. Ukikuta sukari, betri zimekwisha jana. Lakini msidhani nalalamika. Raha ya kiangazi kile sijaipata tena, na nimekula chumvi nyingi.

Lori lilikuja hivi. Mzungu mmoja, mtaalamu aliyekuwa anarudi kwao, aliuza vyombo vyake vya nyumbani. Wanawake wengine wa mtaa walirudi na sufuria na magodoro. Mama yangu akatoa doti yake mpya ya kanga, akarudi na lori la kuchezea. Lilikuwa jekundu, refu kama mkono wangu, na liliandamana na kidude chenye antena na vitufe viwili. Ukibonyeza kitufe, alisema mama, lori linakwenda lenyewe, bila kamba, bila kusukumwa. Aliliona kwa macho yake likizunguka meza ya Mzungu. Baba alicheka mpaka akaweka nyundo chini. "Mama Salma, umeuziwa mbuzi kwenye gunia!"  Mama alilichukua ndani akalisafisha vizuri, kama alivyosafisha kila nguo kabla ya kumkabidhi mwenyewe, na asubuhi ya Idi akatukabidhi mbele ya watoto wa mtaa mzima, ambao sisi wenyewe tulikuwa tumewatangazia. Salma akabonyeza. Lori kimya. Akabonyeza tena kwa kidole gumba, akauma na ulimi. Wapi! Watoto walianza kuguna, mama akageuza uso wake ukutani, na mimi nikaona bora ardhi ipasuke inimeze. Mzungu alikwisha kupanda treni, basi hatukuwa na wa kumuuliza.

Salma hakuwa mtu wa kukubali kushindwa. Alianza na betri, maana lori lilikula betri zile zile za redio ya bibi. Tulizianika juu ya bati tangu asubuhi, kama kila mtu alivyofanya, zikipata joto zinarudisha nguvu kidogo. Zikarudi, lori likabaki vilevile. Bibi akasema hilo si gari, hilo ni kupe, mnyonyaji mkubwa, na kama balozi wa nyumba kumi angekuwa na akili angelipeleka mbele ya mkutano. Tukazirudisha betri redioni na kuazima bisibisi ya baba. Ndani ya lori mlikuwa na kibao chenye vitu vya rangi kama shanga, nyaya nyembamba, na mota ndogo nyuma. Salma aliziazima betri tena, akachukua waya wa mota akaugusisha moja kwa moja kwenye betri, bila kupitia kwenye kibao. Magurudumu yakazunguka! Vrrrr! Nilipiga kelele mpaka cherehani ya mama ikasimama. Miguu ilikuwa hai. Kumbe tatizo ni moja kati ya mawili: ama kidude ni bubu, ama lori ni kiziwi.

Wakati huo huo, lori likiwa limelala chali juu ya mkeka na matumbo nje, akaingia Mzee Chibago. Huyu alikuwa Mgogo, mstaafu wa reli, jirani yetu na mtani wetu. Asiyejua utani wa Wagogo na sisi Wanyamwezi aelewe hivi: babu zetu walipopita Ugogo na mizigo ya msafara kwenda pwani waligombana na kupatana na wenyeji wa huko mpaka wakawa ndugu wa matusi. Mtani akikutukana hukasiriki. Akichukua kitu chako huruhusiwi kukidai, unakikomboa kwa kuku au unakiacha kiende. Na ukifiwa, mtani ndiye anayesimamia mazishi, analia kwa mzaha na kucheka kwa huzuni. Mzee Chibago alimsalimia bibi kama kawaida yake, "Hujambo mke wangu?" na bibi akamjibu, "Mume gani hana hata jino la mbele!" Kisha akaliona lori. Akavua kofia.

"Poleni na msiba," akasema. "Ijumaa baada ya swala nakuja kuzika. Na mali ya marehemu, kwa mila, ni ya mzishi. Nina mjukuu Dodoma."

Watu wote walicheka isipokuwa mimi. Nilijua hatanii, yaani alitania, lakini utani wenyewe ulikuwa sheria. Lori likichukuliwa Ijumaa, litakwenda Dodoma, na kanga ya mama itakuwa imekwenda bure, na baba atamcheka mpaka uzee wao. Nilimshika Salma mkono, nikamwambia tukishindwa sitamsamehe, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Mkombozi wetu alikuwa bibi, tena bila kujua. Siku iliyofuata alidai betri zake ili asikilize taarifa ya habari, na Salma akabaki na kidude, ambacho kilikuwa na kibetri chake kidogo, akibonyezabonyeza kwa hasira tu. Bibi akafoka, "Nani anakohoa ndani ya redio yangu?" Salma akaacha, redio ikatulia. Akabonyeza, redio ikakoroma, krrr! Akaacha, ikatulia. Tulitazamana macho yametutoka. Kidude hakikuwa bubu! Kilikuwa kinapiga kelele siku zote, redio ya bibi ikisikia, lori lisisikie. Tulilipindua lori, tukalikagua kama mwenye kutafuta mwiba, na chini ya kibao, kwenye kitundu kidogo, tukaona kipande cha waya mweusi, mwembamba kuliko utambi, kimekatwa safi kabisa. Panya hakati hivyo. Tukampelekea mama. Aliutazama ule waya, akautazama mkasi wake, akajifunika mdomo kwa upande wa kanga.

Mshonaji anapomaliza kazi hukata nyuzi zinazoning'inia. Mama hakuweza kuona uzi unaning'inia akauacha, hata kwenye nguo ya mgeni njiani alikuwa akitamani kuukata. Alipolisafisha lori aliona uzi mrefu mweusi unatoka chini yake, mbaya, hauna kazi. Akaukata, akautupa. Huo ndio uliokuwa sikio la lori. Kikulacho kii nguoni mwako! Nilifikiri atalia, lakini alicheka, akacheka hadi akakaa chini, na baba aliyekuwa akimdhihaki alipofika kuuliza kulikoni, naye akaangua kicheko. Ila safari hii, alipokwisha kujifuta machozi, alikwenda kutafuta dainamo mbovu ya baiskeli, akafungua waya mwembamba, akauparua rangi kwa kisu.

Ijumaa ile baba aliulehemu waya chuma kikiwa bado kinatoa cheche, mikono yake mikubwa imekifunika kibao kile kidogo. Hatukupata nafasi ya kujaribu. Tulipokuwa tunafunga skrubu ya mwisho tulisikia kilio mlangoni: Mzee Chibago, na nyuma yake nusu ya Gongoni. Alikuwa na jembe na kipande cha bafta. Akachimba shimo uani, akalifunga lori sanda, huku akiomboleza, "Jamani Wanyamwezi! Babu zenu walibeba pembe mpaka pwani, leo lori lenu halifiki hata msikitini!" Baba akamjibu, "Walifika, ila kwenu walilipishwa maji ya kunywa!" Kabla halijafungwa sanda, bibi alikuwa amezima redio yake katikati ya habari na kutupatia betri, na Salma alikuwa amezitia ndani ya lori. Sasa lililazwa ukingoni mwa kaburi. Salma akanipa kidude mimi. Sijui kwa nini mimi. Nikabonyeza, kimya.  "Vuta antena, mjinga wewe!" akanong'ona. Nikaivuta yote, nikabonyeza.

Maiti ikaondoka! Ikatoka mbio na sanda inaburuzika nyuma, ikapita katikati ya miguu ya waombolezaji, wanawake wakapiga mayowe, balozi wetu akaruka ndoo, na Mzee Chibago aliporudi nyuma mguu wake ukazama shimoni hadi gotini. Bibi akapaza sauti, "Mchimba kisima huingia mwenyewe!" Mama alikuwa anapiga vigelegele, analia, anacheka. Betri zilikufa karibu na choo, lakini nani aliyejali? Mtani, bado shimoni, alitangaza kwamba ni yeye aliyelifufua, kwa hiyo anadai kuku wa ufufuo. Tukampa jogoo.

Wajukuu zangu hapa Dar es Salaam wana magari ya aina hiyo, yanachajiwa ukutani, yana kasi na taa. Likiharibika linawekwa juu ya kabati, na baada ya siku chache linaletwa jingine. Siwalaumu. Hakuna anayekuja kuwatishia mazishi, na hakuna atakayesherehekea likiamka. Mzee Chibago alipofariki nilisafiri kwa treni usiku kucha hadi Tabora, maana mimi sasa ndiye mtani, na kazi ya mtani ni kuchekesha. Nilisimama kaburini na maneno niliyoyapanga njia nzima. Nilitaka nimtukane, nimwambie atoke aache uvivu, mbona lori lilitoka. Nikafungua mdomo, nikalia kama mtoto. Binti yake akaja akanishika bega, akasema kwa sauti ili watu wote wasikie, "Mtani gani huyu? Hata kazi ndogo hii imemshinda!" Uwanja mzima ukacheka, nami nikacheka pamoja nao, machozi yakinitiririka.