Minyoo wa Bahari Sebuleni kwa Mwanasha

“Mama Mwanakheri, hivi hawa tandu wa pinki unawafuga, au wamejialika?” Tumwagile, jirani wa mlango wa pili, alimuuliza Mwanasha hivyo siku moja, pua karibu igonge kioo cha tangi la samaki.

Tangi lile la maji ya chumvi Mwanasha aliachiwa na tajiri wake, loji ya hapo Mikumi ilipofungwa, baada ya yeye kufagia humo miaka kumi na tisa. Bahari yenyewe hajawahi kufika. Lakini baada ya swala ya alasiri, jua likiingia dirishani, mwanga wa maji ulicheza ukutani mpaka sebule nzima ikawa kama inaelea. Hapo hukaa na tasbihi, akiwatazama samaki wake wawili wenye mistari myeupe, chai ikapoa bila yeye kujua.

Sasa alibaki mmoja. Mwenzake alikutwa asubuhi amelala mchangani, wale minyoo wa pinki wenye manyoya wamemzunguka. Mwanasha akaingiza mkono kumtoa. Vidole vikawaka kama vimegusa upupu.

“Wamwagie chumvi,” Tumwagile akashauri.

“Humo si chumvi tupu, jirani?”

Wakacheka, ila moyo wa Mwanasha ulikuwa kwa yule mmoja. Akampigia simu Cosmas, fundi aliyelihudumia tangi enzi za loji.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Minyoo wameniulia samaki.”

“Hao hawaui, mama. Wamekuja msibani tu. Wanakula makombo. Unalisha mara ngapi kwa siku?”

“Mara moja, kama ulivyonifundisha. Na wageni nao huwapa.”

“Wageni wangapi?”

Mwanasha akalitazama kopo la chakula cha samaki, pembeni ya sahani ya kashata. Kila aliyekuja kumsalimu alikaribishwa awape kidogo. “Jana peke yake walikuwa tisa,” akakiri.

“Basi chakula hicho ndicho kilichoharibu maji,” Cosmas akasema kwa upole. “Badilisha maji kiasi. Jioni laza humo chupa yenye kipande cha dagaa, iwe mtego wa minyoo, asubuhi itoe na waliomo. Ila usiwamalize. Nao wanafagia.”

Akafanya hivyo wiki mbili, kwa bismillahi. Samaki akaanza tena kupanda juu kwenye mwanga.

Ijumaa Tumwagile alipokuja, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye kopo.

“Naomba, jirani,” Mwanasha akasema, “wewe kula kashata. Samaki ameshakula.”