Siren Ililia, Papa Hakusikia

Wakuu, salamu toka Lubumbashi. Hii sikuisikia kwa jirani, niliiishi mwenyewe, na mama angali hai, nikiongeza chumvi atanikatalia.

Ilikuwa wakati wa Zaire. Miye niko secondaire, mdomo mrefu kuliko cahier zangu za masomo. Papa alikuwa programmeur ku kampuni ya shaba. Programme zake zilitobolewa ku makarata, kadi ngumu za matundu, makarata inaingia mu ordinateur, kompyuta ya zamani kubwa kama kabati tatu.

Kwetu kulikuwa sheria moja: bukari haiguswe kama papa hajafika. (Bukari njo ugali, wakuu wa Dar msisumbuke.)

Siren ya kampuni, king'ora cha kutoka kazini, ikilia jioni, mababa wa mtaa wote wanarudi. Wetu hapana. Programme imekwama, anabaki. Kila siku kuna kitu imekwama.

Mdogo wangu Ngalula, miaka ine, akaniuliza miye mkubwa wake: "Yaya, siren haimuitake papa?"

"Inamuita. Masikio yake njo imejaa makarata."

Miye nilicheka. Yeye hapana.

Siku moja bukari ikapoa tena. Mama akainua sufuria. "Basi itamufuata kulekule."

Tukaenda. Mama na bukari, miye na sombe (kisamvu chenu), Ngalula na kipande cha pamba mkononi. Sikuuliza ni ya nini.

Mlinzi akamuita mama kama walivyoitwa wote wakati ule: "Citoyenne, chakula haiingiake kwa ordinateur."

"Basi unitolee bwana yangu."

Papa akatoka na chandail, sweta nzito, mu joto ile, juu machine inapenda baridi. Tukakaa ku ngazi, wenzake nao wakanawa mikono.

Ngalula hakula. Alishika kichwa cha papa, akaanza kumusafisha sikio na pamba, polepole.

"Papa, makarata iko ndani kabisa. Njo maana hausikiake siren."

Wenzake wakafa na kicheko. Papa akaniangalia. Miye nikaangalia sombe.

Akavua chandail, akamufunika nayo Ngalula, akamubeba.

Mwenzake mmoja akauliza: "Citoyen, na programme?"

"Itanikuta kesho."

Kesho yake siren ikalia, Ngalula akasimama ku mlango. Mababa wakapita, wakaisha. Halafu papa, wa mwisho, mbio kidogo, ameshika sikio.

"Leo nimeisikia."

Wiki za mishahara, machine ikihesabu malipo ya kampuni nzima, aliendelea kuchelewa, sitawadanganya. Lakini pamba ilibaki ku dirisha, na aliiogopa kuliko chef wake.

Nyinyi wa code na deadline, nilichojifunza ni hiki: nyumbani kuko mtu anasikiliza siren yenu.

Kwenu mlikuwa mnamungojea nani? Andikeni hapa chini. Ila kama unasoma hii ukiwa bado kazini, funga machine kwanza. Bukari inapoa.