Moto Wenye Hasira

Wenzake kazini walimpachika jina la Mama Sufuria, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa mpishi wa shule, na masufuria aliyoyakoroga mtoto angeweza kuogea ndani yake. Alistaafu na mgongo mbovu na imani moja: chakula tia maji, funika, acha kichemke mpaka kilainike. Mengine mbwembwe.

Mwanawe wa pekee, fundi umeme, akaoa binti kutoka Asia, mkalimani wa kampuni iliyokuwa ikijenga kiwanda. Kiswahili alifundishwa na mafundi wa hapo, kwa hiyo matusi aliyajua kabla ya salamu. Mama Sufuria alimpenda siku ileile alipomsikia akimtukana paka bila kujua anasema nini.

Mimba ilipoingia, mambo yakageuka. Mama Sufuria alihamia kwao kusaidia, lakini kila alichopika, mkazamwana alionja kidogo akakimbilia bafuni. Siku alipoona nyama aliyoihangaikia tangu asubuhi inaishia kwenye pipa, roho ilimuuma.

"Mkeo chakula changu anakionea kinyaa," alimwambia mwanawe.

"Si kinyaa, mama. Harufu ya mchuzi inamchafua tumbo."

"Mimi wewe nilikubeba nikila huohuo."

"Ulikuwa kwenu, mama."



Jumamosi moja akamkuta mkazamwana jikoni, simu kaiegemeza kwenye kopo la sukari, machozi yanamlengalenga. Kwenye simu kulikuwa na mwanamke mwenye mvi, aproni shingoni, anaongea mfululizo.

"Huyo ni mama yako?"

"Ndiyo, mama. Anauliza nimekula nini."

"Umemwambiaje?"

Binti akainamisha uso. "Nimesema nimeshiba. Nimesema mama mkwe anapika vizuri."

Uongo ule ulimchoma Mama Sufuria kuliko ukweli wowote. Akavuta stuli, akakaa. "Muulize, ulipokuwa mdogo ukiugua, alikuwa anakupikia nini?"

Jibu lilikuwa mayai ya mvuke. Yule mama akapiga mayai, akayachanganya na maji ya uvuguvugu, akayachuja, akafunika bakuli kwa sahani na kuliweka ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka. Mama Sufuria akaona ni kazi ya mtoto. Akafuata hatua hizohizo, ila akafungulia gesi yote, kama alivyozoea. Alipofunua, mayai yalikuwa yamekakamaa na kutoboka kama sifongo. Mwanamke wa kwenye simu akacheka mpaka akajifuta macho. Mama Sufuria alinuna kwanza, kisha kicheko kikamshinda naye.

"Anasema moto wako una hasira," mkazamwana akatafsiri.

Safari ya pili akashusha moto, akapachika kijiti chini ya mfuniko ili mvuke upate pa kutokea. Mikono ikamwasha kwa hamu ya kukoroga.

"Nisikoroge hata kidogo?"

"Usiguse, mama."

Yakatoka laini, yanatikisika bakulini. Akadondoshea sosi ya soya na mafuta ya ufuta kidogo. Mkazamwana akala, na mama wawili, mmoja jikoni, mmoja ng'ambo ya bahari, wakawa wanamkodolea macho. Chakula kikatulia tumboni.

Tangu hapo kila Jumamosi kulikuwa na somo. La kukaanga mboga kwenye karai lilimchanganya, maana huko moto ulitakiwa mkali, na kila kitu kiwe kimekatwa kabla, kwa sababu hakuna muda wa kutafuta chumvi. Mara ya kwanza alijaza mboga mpaka ukingoni, zikatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika.

"Mama yangu anauliza umealika watu wangapi," binti akasema.

Mtoto wa kike akazaliwa salama. Alipoanza kukaa, bibi yake wa ng'ambo akaja. Siku moja wazazi wa mtoto walikuwa kazini, mkalimani hakuna, wakwe wawili wakabaki wanatabasamiana tu mpaka mashavu yakachoka. Mwisho mgeni akakanda unga, akaonyesha jinsi ya kukunja vifuko vidogo vyenye nyama ndani. Alimshika mwenzake vidole, akavibana kimoja kimoja kwenye ukingo wa unga.

Vya Mama Sufuria vilipotumbukizwa majini, karibu vyote vikapasuka. Akaona aibu, mtu mzima aliyelisha shule nzima. Mgeni alichukua upawa, akajipakulia vile vilivyopasuka, na vizima akamwekea mwenzake.