Barua ya Jiwe la Mama Yake Bibi

Mimi sipendi watu wenye madaftari. Kwetu mashariki ya Kongo walikuja vijana wapole, wakaandika majina nyumba kwa nyumba, hata maji tuliwapa. Baada ya wiki mbili walirudi na mapanga, wakamuua baba. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Sasa naishi ng'ambo, kitongoji cha Blacktown, kazi yangu kutunza wazee. Kila asubuhi napanda treni kwenda mjini kwa bibi mmoja Myahudi aliyepita miaka tisini. Alipokuwa mtoto mama yake alimtorosha kutoka Ujerumani, mama mwenyewe akabaki, na Wanazi wakamchukua. Hana kaburi popote.

Siku moja bibi akanionyesha barua kutoka Ujerumani, anacheka peke yake. Watu asiowajua walitaka kuweka kijiwe chenye bamba la shaba na jina la mama yake kwenye njia ya miguu, mbele ya nyumba alimochukuliwa. Waliomba tu jina kamili, mwaka wa kuzaliwa na namba ya nyumba.

Weee! Tu? Na jina la marehemu likanyagwe na viatu? Kwetu hata kaburi la usiyemjua huliruki. Bibi alijaza majibu, akanipa bahasha nikaitie posta. Nikaificha kwenye mkoba wangu wiki tatu nzima. Akiuliza, namwambia, "Posta za siku hizi, bibi, si unazijua." Nilijiona mjanja kweli.

Kisha akaanza kukohoa, daktari akaja mara mbili. "Naogopa nitakufa kabla jiwe halijawekwa," akaniambia. Roho iliniuma. Nikatoa bahasha, nikamweleza yote, mpaka habari za baba.

Mama yangu wee, bibi alivyokasirika! "Waliomuua mama yangu waliliandika jina lake kwenye orodha yao," akasema. "Unataka libaki huko tu? Wacha wapite juu yake, ilimradi wajue aliishi pale."

Nilikimbia posta kwa aibu. Niliporudi nilimkuta mezani, ameshika kalamu, karatasi tupu mbele yake.

"Baba yako aliitwa nani?" akauliza.

Niliitazama ile kalamu. Nikafunga mlango kwanza, nikavuta na pazia. Ndipo nikamtajia, jina moja baada ya jingine, polepole, ayaandike yote.