Neno la Siri Kwenye Mlango wa Urho

Saa nne asubuhi, Noreen Pelletier, fundi wa mitandao ya nyumbani, anavua buti zilizojaa theluji, anaingia jikoni kwa soksi na kuuliza ruta, kile kifaa cha kusambaza intaneti, iko wapi. Aili Koskela, mjane wa miaka themanini na moja, anamwonyesha juu ya friji. Kisha anamwonyesha kamera ndogo aliyoifunika kwa taulo.

Wiki iliyopita kamera hiyo ilimsemesha. Sauti ya mwanamume asiyemjua ilimwambia kahawa yake inachemka.

Binti yake, Kaisa, aliye Calgary, humjulia hali kila asubuhi kupitia kamera hiyo. Aliposikia hayo alikuja juu: ama mtandao ufungwe sawasawa, ama mama ahamie nyumba ya wazee. Aili ameishi nyumba hii, hapa Thunder Bay, miaka hamsini na sita.

Noreen ana miaka kumi na moja katika kazi hii, nyumba nne au tano kwa siku. Nyingi, anasema, ruta bado ina neno la siri la kiwandani. Ya leo ni kali zaidi. Neno la siri limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa sauna, kile chumba cha mvuke uani. Aliliandika marehemu Urho, mume wa Aili, ili wageni wanaokuja sauna kila Jumamosi wasimsumbue kwa kuliuliza akioga.

"Na kamera je, mama?"

"Hilohilo," Aili anakiri. "Kichwani nina moja tu, mwanangu."

Noreen anataka kulibadilisha mara moja. Aili anashika meza.

"Ukilifuta, watu watakuja Jumamosi wakute maneno ya Urho hayafungui kitu."

Jamani, ungemjibu nini? Noreen anavuta kiti, anakaa. Anasasisha programu ya ruta na kuziba njia ya mtu wa nje kuiongoza. Halafu anatenga mtandao wa wageni, usiofika kwenye kamera wala simu ya Aili, na kuupa lile neno la Urho.

Yamebaki maneno mapya mawili, la nyumba na la kamera. Hapo Noreen anafanya kama afanyavyo kila nyumba: anageuka na kutazama dirishani, mwenyewe aandike.

"Nikilijua mimi, limeshakuwa la watu wawili," anasema.

Aili anaandika kwa kidole kimoja, polepole mno. "Nimeweka jambo ambalo hata Urho sikumwambia," anasema.

"Basi na mimi usiniambie."

Noreen anatamani kuanzisha darasa maktabani, kila Jumanne, wazee wajifunze kufunga mitandao yao wenyewe. Ameshaomba chumba, na Aili amemwahidi kuwa mwanafunzi wa kwanza.

Noreen anamtumia Kaisa mwaliko wa kufungua kamera kwa neno lake mwenyewe, na Aili anaondoa taulo taratibu.

"Mama," inasema sauti ya Kaisa, "kahawa yako inachemka."