Koti la Baba Mdogo na Mbung'o wa Njia ya Bunda

Nilipokuwa mtoto nilifundishwa kuomba radhi mapema, kabla fimbo haijakatwa. Basi niwieni radhi: kisa hiki nitakiharibu. Nitacheka mahali pa kusikitika, na Bibi, aliyekisimulia hadi watu wakasahau chakula, hayupo tena kuninyang'anya maneno.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Tulikaa Nyasho, Musoma: Bibi, mimi niliyefiwa na mama, na baba mdogo Magesa, aliyekuwa amechumbia binti wa Bunda aitwaye Nyangeta. Bibi alianza kupungua nguvu. Nyumba ilihitaji mwanamke, na mimi nilihitaji mlezi. Ng'ombe wa mahari walikuwepo, ndio hao hao, hatukuwa na wengine. Ila baba yake Nyangeta alituma neno: atawatazama mpaka mwezi mwingine uandame, na akikonda hata mmoja kwa ugonjwa wa mbung'o, turudi nao wote. Nasi njia yetu, ukishatoka Butiama, ilipita kwenye pori la mbung'o, wale inzi wakali wanaoua ng'ombe na kumtia mtu malale.

Bibi hakuwataja kwa jina. Aliwaita "wale wageni". Kwa imani yake walikuwa mbwa wa mizimu ya pori, waliotumwa kumkamata yeyote aingiaye na giza mwilini. Kwa hiyo kaniki marufuku, nguo nyeusi marufuku. Mimi nikafungwa shuka jeupe. Ng'ombe walipakwa majivu hadi wakafanana na maiti waliofufuka. Yeye mwenyewe akabeba chungu cha mavi makavu ya ng'ombe, yakifuka moshi.

Ndipo baba mdogo akatoka chumbani na koti jipya, bluu iliyoiva ikakaribia weusi.

"Magesa, vua hilo."

"Mama, nimelishonesha mjini! Nifike ukweni na fulana kama mpagazi?"

"Litabebwa."

"Litakunjamana."

Bibi alimtazama, akakitazama chungu chake. "Haya. Kaa nyuma kabisa, mbali na ng'ombe wangu. Mizimu ikikutaka, ikuchukue peke yako."

Tulilala Butiama kwa ndugu wa Bibi, na kulipokucha tukaingia porini. Ilianza na kofi moja. Paa! Nikageuka. Paa, paa! Sijawahi kuona mtu mzima akicheza kwa bidii namna ile pasipo ngoma.

"Mama, wananila!"

"Wangapi?"

"Wote!"

Akaanza kukimbilia moshi wetu. Bibi akawatazama ng'ombe: mikia imetulia, hakuna aliyeguswa. Akamtazama mwanawe: mbung'o wamejaa mgongoni kama karanga zilizoanikwa. Nikauona uso wake ukibadilika.

"Simama hapo hapo! Usiwalete huku."

"Basi nalivua."

"Ole wako ulivue!"

"Mama, si wewe ulisema nisilivae?"

"Nilisema kabla sijajua kazi yake. Unamtaka Nyangeta, humtaki?"

Baba mdogo akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, mpaka shingoni, akaendelea kutembea kule kule nyuma. Siku ile nilicheka hadi Bibi akanifinya. Siku hizi nikikumbuka vile vifungo, kicheko kinaanza vizuri, halafu najikuta navihesabu.

Mwisho wa pori kulikuwa na kizuizi cha serikali, na askari wa mbung'o mwenye wavu wa kuwanasa wasivuke. Akazunguka ng'ombe wetu, hakukuta kitu. Akafika mgongoni kwa baba mdogo, akapiga mluzi.

"Bwana, abiria wote hawa umewakatia tiketi?"

Tulipofika Bunda midomo yake ilikuwa imevimba, jicho moja limefunga duka. Nyangeta akapiga goti kutusalimia, akamtazama, kisha akamnong'oneza Bibi: "Mama, mwenyewe anafika lini?"

Mwezi ukaandama. Ng'ombe wote walikuwa wamenenepa. Aliyekonda ni bwana harusi. Hospitali walimpima malale wakamkuta mzima, na kwa hilo bado namshukuru Mungu. Nyangeta akaletwa Nyasho, na mimi nikapata mama.

Ukubwani nilikuja kusikia kwamba mabwana mifugo hutundika porini vitambaa vya bluu na vyeusi kuwatega mbung'o, maana wadudu hao hupenda rangi hizo. Natamani ningempelekea Bibi habari hiyo. Najua angejibu: "Na mizimu nayo inazipenda." Nisingebishana naye. Mizimu sijaiona, ninachojua ni kwamba mambo yalikwenda kama alivyoonya, na alipoona koti linafanya kazi ambayo hakuitarajia, hakuona haya kugeuza amri yake palepale. Nimelelewa na watu wa namna hiyo, halafu nijidai nimejilea?

Juzi nilikwenda kumsalimia mama mdogo Nyangeta, mzee sasa. Wajukuu wakanitaka kisa hiki, nikakitia chumvi yote niliyonayo: jinsi mbung'o walivyomnyonya babu yao damu kwa ajili ya bibi yao. Mama mdogo akaweka mwiko chini.

"Hao walimnyonya asubuhi moja wakashiba. Mimi nilimkuta mmoja humu ndani, sijui atashiba lini."

Nilitaka kujitetea, lakini mdomo ulikuwa umejaa ugali wake na sato, na mkono wangu ulikuwa unasogeza bakuli aniongeze.