Begi Lililopanda Lori

Mimi hupakia lori kwa riziki yangu, kwa hivyo mke wangu aliposhika mimba yetu ya kwanza, sikuona haja ya mtu kunifunza kupakia begi la hospitali. Kinachoshuka mwisho huingia kwanza. Kizito hukaa chini, kinachovunjika hukaa katikati ya laini. Nimebeba mayai kutoka Nakuru hadi mpakani na trei zote zikafika nzima. Beseni na pamba zingenishinda vipi?

Siku muuguzi wa kliniki alipotupatia orodha ya vitu vya kujifungulia, mke wangu alitaka kwenda nyumbani aisome polepole. Mimi nilitaka soko. Kufikia jioni tulikuwa na pamba, glavu, sodo za wazazi, nepi, leso mbili, beseni, chupa ya chai na nguo za mtoto za kutosha mapacha. Nyumbani kwetu, mtaa wa Section 58 mjini Nakuru, nilivitandaza vyote kitandani, nikavipanga kwa zamu ambayo vingeitwa: vya leba juu, vya mtoto katikati, vya kurudi nyumbani chini kabisa. Kijitabu cha kliniki nilikitia mfuko wa pembeni. Kufunga zipu ilibidi nilikalie begi kwa goti. Mke wangu ni fundi wa cherehani, hapendi kitu kilichokunjwa ovyo, na hata yeye alikiri kwamba kazi imenyooka.

Kisha akasema, "Hii vitu iko sawa. Mimi nataka tu kitu moja. Hiyo siku unipeleke mpaka kwa mlango ya leba. Sitaki kufika hapo peke yangu."

Katika hospitali ile wanaume huishia mlangoni, na sote wawili tulijua. Hakuomba zaidi ya hapo. Nilimwambia aondoe shaka, nikabeba begi, nikalipeleka kwenye lori.

Watu hunicheka nikisimulia na kufika hapa, lakini kwa dereva kitu cha maana hakikai nyumbani. Leseni, jeki, blanketi, karatasi za mzigo, vyote huishi kabini, maana huko ndiko tunakopatikana. Nilipanga hivi: nitapigiwa simu, nitampitia nyumbani, tutaondoka, na kila kitu kitakuwa tayari nyuma ya kiti. "Na ukiwa mbali?" akauliza. Nilikuwa nimeomba likizo ya wiki mbili za mwisho, basi nikamjibu kama mtu anayemwelekeza mtoto dukani. Sauti ile naijutia hadi leo.

Uchungu ulianza Jumatano asubuhi, siku nne kabla ya likizo. Nilikuwa Mai Mahiu, nimetoka kushusha saruji, nangoja chapati kibandani.

"Imeanza," mke wangu akaniambia kwenye simu. "Na usikimbize lori."

"Lakini begi..."

"Najua begi iko wapi."

Sikuila ile chapati. Nilipanda kabini, na cha kwanza kuonana nacho ni lile begi, limekaa wima, limefungwa kamba nisije nikalimwaga kwenye kona. Nilitamani kulipiga ngumi. Lori lilikuwa tupu na barabara nyeupe, haina foleni, nikapita Naivasha na Gilgil nikishika usukani kwa adabu kama nilivyoagizwa, huku najitukana kwa lugha mbili.

Wakati huo, mambo ya nyumbani yalikwenda bila mimi. Jirani yetu, mama mmoja Mwislamu wa mlango wa pili, aligonga kila nyumba ya ploti. Huyu akatoa beseni, yule leso, mwingine nepi zilizobaki kwa mtoto wake. Chai haingechemka kabla hawajamaliza. Akampeleka mke wangu hospitalini yeye mwenyewe. Pale mapokezi muuguzi akauliza, "Mama, kijitabu iko wapi?"

"Iko kwa lori," mke wangu akajibu.

Muuguzi alidhani ni uchungu unaozungumza. Ndipo mke wangu akamtajia kundi la damu, tarehe zote za kliniki na presha ya mara ya mwisho. Alikuwa amevishika vyote kichwani tangu mapema. Hakuniambia, na nadhani najua kwa nini.

Nilipofika langoni mwa hospitali, mlinzi aliinua mkono. "Boss, hiyo lori hapana." Nikaliacha kando ya barabara, nikaingia mbio, begi begani.

Nilimkuta kwenye korido anatembea, mkono mmoja ukutani na mwingine umemshika jirani. Wauguzi walikuwa wamemwambia atembee kwanza, muda bado. Badala ya kumsalimia nikaanza maelezo: pamba iko juu, glavu ziko upande huu, ukitaka leso usivute kwa nguvu.

"Weka hiyo begi chini," akasema. "Nishike mgongo."

Nikaliweka. Jirani akanipisha, akaenda kukaa kwenye benchi. Tukatembea korido ile, tukienda na kurudi. Uchungu ukimjia alisimama, akakamata kola ya shati langu, nami nikamsukuma mgongo kwa kiganja, chini kidogo, kushoto kidogo, hapo hapo. Nimeshuka mteremko mkali wa Salgaa na breki zinazonuka moshi, lakini sijawahi kuogopa vile. Nilimwomba msamaha kwa kutokuwepo asubuhi. Akasema tutaongea baadaye, sasa nisukume.

Mwishowe muuguzi alifungua mlango wa leba. "Baba, wewe unabaki hapa."

Nilikuwa nimejiandaa kumwachia taratibu. Yeye ndiye aliyeniachia kwanza. Alinitazama shingoni, akainyoosha ile kola aliyokuwa ameikunja, upande mmoja kisha wa pili, kama ninayekwenda kanisani.

"Kaa kwa benchi," akaniambia. "Nakuja na yeye."

Nikakaa. Saa kumi na moja jioni akaja naye.